Mwaka Niliokataa Kufagia Barua Pepe

Taarifa ya kifo cha Mzee Mkude ilinifikia kwenye simu nikiwa kikaoni, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba yeye mwenyewe angekataa kuipokea, kwa sababu haikuwa na mhuri. Nikacheka peke yangu mbele ya watu, kisha machozi yakanijia nikatoka nje. Kesho yake nilipanda basi kutoka Dodoma, nikashuka stendi ya Msamvu mchana, na nilipofika nyumbani kwake Mwembesongo nikakuta ameshazikwa. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanawake wako uani na masufuria. Nilipita kuwapa pole wazee, mmoja mmoja, na kwenye kiti cha mwisho nikamkuta Mkurugenzi wetu wa zamani, amepungua mwili, fimbo kati ya magoti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kidogo, kisha akamgeukia jirani yake na kusema kwa sauti ambayo hakujali kama nitaisikia, "Huyu ndiye yule binti aliyenikatalia." Nina mvi sasa, nina wajukuu wawili wa dada yangu wanaoniita bibi, na bado kwake mimi ni binti aliyekataa. Sikuudhika hata chembe. Nilivua viatu, nikafunga khanga, nikaingia jikoni kusaidia, na mwaka ule wote ukanirudia nikiwa nachambua mchele.

Nilikuwa nimemaliza stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, nikaajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja na shirika dogo la pale mjini lililokuwa likiwasaidia wakulima wa milima ya Uluguru kupata miche ya mboga na viungo. Masijala yetu ilikuwa chumba kimoja chembamba mwishoni mwa korido. Kilikuwa na dirisha zuri linalotazama mlimani, lakini mtu alishaliziba nusu kwa kabati la majalada, kwa hiyo kwa mwaka mzima niliuona mlima upande wa kushoto tu. Kulikuwa na meza ya Mzee Mkude, mkuu wa masijala, meza yangu iliyokuwa na kompyuta, na jiko dogo la umeme ambalo kwa sheria za ofisi halikuwepo. Saa nne tulikunywa chai ya rangi yenye tangawizi, tukala mihogo ya kukaanga na pilipili aliyotuletea mama mmoja wa mtaa wa nyuma, na Mzee Mkude hakuruhusu jalada lolote libaki mezani wakati wa kula. Alivifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kabla ya kurudi kazini. Ukuta uliotutenga na ofisi ya Mkurugenzi ulikuwa wa mbao nyembamba, na kwa kuwa upande ule walidhani masijala ni mahali pa karatasi, si pa watu, tulisikia kila kitu. Nilimpenda Mzee Mkude tangu wiki ya kwanza, na tangu wiki ya kwanza hiyo hiyo tuligombana.

Ugomvi wetu ulikuwa ni barua pepe. Utaratibu wake ulikuwa hivi: barua pepe ikiingia kwenye sanduku la ofisi, inachapishwa, ikionekana haina sura ya barua, maana zile herufi na alama za juu zilimkera, inapigwa chapa upya ikae vizuri, inagongwa mhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, inapewa namba, inaingia kwenye jalada. Basi, hapo ndipo imekuwa barua. Ile iliyobaki kwenye kompyuta ilikuwa ganda tu. Na kila Ijumaa karibu na adhuhuri, kabla hajaenda nyumbani kuvaa kanzu, alisimama nyuma ya kiti changu na kusema, "Haya, Edita, tufagie." Kufagia kulikuwa ni kufuta kila kilichomo sandukuni, zilizochapishwa na zisizochapishwa, ili Jumatatu tuanze na uwanja safi. Alikuwa na maelezo yake. Zilizokuwa na maana zimeshagongwa mhuri. Ambazo hazikugongwa, nani kasema ni barua? Watu walikuwa wakiandikiana kama wanavyoongea barazani, wakicheka, wakiulizana habari za harusi, halafu katikati ya soga hizo wanakubaliana mambo makubwa ya ofisi. Mambo hayo hayakuletwa masijala kwa kuwa mwandishi hakudhani ameandika barua, na mpokeaji hakudhani amepokea barua. Ijumaa yanafagiliwa pamoja na harusi.

Ijumaa ya kwanza nilifagia, za wiki ile tu, kwa heshima. Ya pili nikakunja mikono. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo yako naitoa kila asubuhi, lakini hili sifanyi." Akauliza kama chuoni walinifundisha kubishana na wakubwa. Nikamjibu kwamba chuoni walinifundisha kwamba kumbukumbu ni kile kilichofanyika kazini, kiwe kimeandikwa kwenye karatasi, kwenye kompyuta au kwenye kiganja. Nikamwonyesha sanduku: nilikuwa nimeshatengeneza humo mafungu yenye namba zile zile za majalada yake ya kabatini, jalada la miche, jalada la ardhi, jalada la wafadhili, kila barua pepe nimeiweka kwenye fungu lake jinsi ilivyokuja, na jina la aliyetuma, siku na saa, na wote waliopelekewa nakala. Soga za harusi nilizitoa, sikuwa mwehu. Aliangalia kioo cha kompyuta muda mrefu, miwani puani. Akasema, "Umepanga vizuri. Lakini hizi si barua, mwanangu. Hakuna aliyezipokea." Akachukua kofia yake akaenda msikitini. Tangu siku hiyo kila Ijumaa aliniambia tufagie, kila Ijumaa nilikataa, na kila Ijumaa aliondoka bila kunishtaki kwa mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na mdomo usiotulia, na niseme ukweli, nilikuwa naisubiri Ijumaa kama mtu anavyosubiri mechi.

Katikati ya mwaka tulibadilishiwa Mkurugenzi. Yule wa zamani alihama, akaja huyu niliyemkuta chini ya turubai, msomi, mchapakazi, mwenye haraka na kila kitu. Sisemi alikuwa mwizi. Alitaka shirika lionekane, na ili lionekane alihitaji jengo. Tulikuwa na bustani ya miche kule juu, kijiji cha Lukumbe, kwenye ngazi za mashamba, yaani matuta yaliyochongwa mlimani, zenye chemchemi pembeni, mahali pazuri ambapo ukisimama unaona mji wote chini na barabara ya Dodoma ikikatiza. Aliamua kujenga hapo kituo cha mafunzo, na vyumba vya wageni wa nje wanaokuja kutazama miradi. Tatizo ni kwamba eneo lile halikuwa la shirika. Lilikuwa la ukoo, na kwa Waluguru ardhi ya ukoo hupitia kwa wanawake, hivyo aliyekuwa akiisimamia alikuwa Bibi Zaina. Miaka miwili kabla yangu ukoo ulituazima kwa misimu michache, turudishe ngazi zikiwa nzima. Hilo halikuwa siri. Dereva alijua, mama wa mihogo alijua, vijana wa bustani walijua. Bwana Joachim, afisa mradi aliyezungumza na ukoo, alijua kuliko wote, lakini alikuwa ameacha kazi na kwenda kusoma nje. Mkurugenzi mpya alipouliza ndani ya kikao kama kuna maandishi yoyote, watu walitazamana, na nikaona mbele ya macho yangu jinsi watu wazima wanavyokubaliana kusahau kitu pamoja.

Bibi Zaina alishuka mwenyewe kuja ofisini. Alifika asubuhi na mapema, amebeba kichwani kapu la matunda ya fyulisi, amevaa khanga mbili na raba za kiume. Kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa na wageni, alisubiri kwetu masijala. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, akagawa fyulisi kwanza kabla ya kusema shida yake, moja kwa Mzee Mkude, moja kwangu, nyingine juu ya kabati kwa atakayekuja. Yeye na Mzee walisalimiana kwa Kiluguru, salamu ndefu ya kuulizana watu wa mlimani mmoja baada ya mwingine, na nikamwona Mzee wangu wa mihuri akiwa mtu mwingine, sauti imepanda na kushuka kama ya mtoto aliyerudi kwao. Alikuwa Mluguru wa kule kule. Kisha Bibi akaitwa ndani, na sisi tukabaki na ukuta wa mbao.

"Mama, mimi sikatai," tulisikia Mkurugenzi akisema. "Nauliza tu. Kuna karatasi?"

"Karatasi ninyi ndio mnazo," Bibi Zaina alisema. "Yule kijana wenu alikaa kwangu, akala ugali na mboga ya kisamvu, akasema tunaazima. Akaandika pale pale kwenye mashine yake, akanisomea."

"Kwenye mashine."

"Ndiyo, kwenye mashine. Alisema imeshafika hapa ofisini kabla mimi sijanawa mikono."

"Basi haikufika, mama. Ingefika ingekuwa na mhuri. Mimi nimeambiwa ardhi ile tulipewa, na watu wetu wamepalima miaka yote na ninyi mmenyamaza. Tutawajengea kituo, watoto wenu watafundishwa humo. Huoni ni faida?"

Halafu Bibi akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nina mabinti watatu. Nikifa, nitawaambia wakalime wapi?"

Alipotoka hakutuaga. Kapu alilisahau, au alituachia. Nikafungua kompyuta, fungu la ardhi, na ile barua pepe ilikuwepo, imepona Ijumaa zote nilizokataa, na za kabla yangu pia, kwa sababu katibu muhtasi aliyenitangulia alikuwa mvivu wa kufagia, Mungu ambariki. Bwana Joachim alimwandikia mkurugenzi wa zamani, akapeleka nakala kwenye sanduku la ofisi: tumeazimwa eneo na ukoo wa Bibi Zaina, tutalirudisha. Na chini yake jibu fupi la mkurugenzi wa zamani: nimekubali, endelea. Hakuna aliyeichapisha. Jibu lilianza kwa kumpongeza Joachim kwa kupata mtoto.

Wiki hiyo hiyo tuliambiwa ofisi inahamia mfumo mpya wa barua pepe, na ule wa zamani ungefutwa wote. Fundi angetoka Dar es Salaam. Kwa masharti ya bodi, hakuna kumbukumbu inayoteketezwa bila mkuu wa masijala kusaini hati kwamba ameipitia na haina thamani tena. Hati ililetwa mezani kwa Mzee Mkude imeshaandikwa, imebaki sahihi yake. Mkurugenzi mwenyewe aliileta, na alikuwa mpole. Alisema, "Mzee, wewe ndiye umetufundisha hapa kwamba imeili si barua. Nimesoma hata waraka wako wa zamani. Saini tu tumalize." Nikaacha kikombe changu cha chai nikasimama. Nikasema humo sandukuni mna barua ya ardhi ya Lukumbe, ninaijua, na nitamwambia yeyote atakayeniuliza. Mkurugenzi akaniuliza mkataba wangu unaisha lini. Nikamtajia mwezi. Akasema, "Ni karibu." Nikamwambia najua kalenda. Leo vijana ninaowafundisha kazi huniuliza kama sikuogopa. Niliogopa sana, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilikasirika kwamba mtu anaweza kulichukua shamba la mama wa watu kwa kubonyeza kitufe, halafu akaita huo ni usafi.

Mkurugenzi alipotoka, nilimgeukia Mzee Mkude nikiwa tayari kugombana naye kwa mara ya mwisho. Alikuwa anamenya fyulisi. Aliimenya yote, akaila, akafuta vidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Ichapishe. Usiipige upya. Na hizo takataka za juu ziache zilivyo." Nikaichapisha. Akafungua droo akatoa mhuri, na hapo nikaelewa anachotaka kufanya, na akili yangu ikakimbia mbele yake. Mhuri ule ulikuwa na vigurudumu vya tarehe ambavyo huzungushwa kwa kidole kila asubuhi. Nikamwambia, "Mzee, rudisha nyuma. Weka siku ile ilipoingia. Ni ukweli, iliingia siku ile." Siombi radhi kwa kumwambia hivyo, nilikuwa namtetea Bibi Zaina. Alinitazama kwa mshangao, kama vile nimemwomba avue nguo.

"Siku ile haikupokelewa," alisema. "Ilikuja, ikakaa mlangoni, hakuna aliyeifungulia. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa mlango. Imepokelewa leo."

Akagonga. Akaipa namba, akaiingiza kwenye jalada la ardhi. Kisha akachukua ile hati ya kuteketeza, akaandika pembeni kwa mwandiko wake uliolala, kwamba masijala haiwezi kuteketeza sanduku lenye barua iliyopokelewa na ambayo shauri lake halijaisha. Hakusaini. Akairudisha mwenyewe kwa Mkurugenzi, na kupitia ule ukuta nilimsikia akiulizwa kama ameelewa anachofanya, naye akajibu, "Nimefanya kazi hii miaka mingi, bwana. Kitu kikishagongwa mhuri si changu wala si chako." Nilikaa nikashika kichwa. Mwaka mzima nilimwita moyoni mwangu mzee wa mihuri, na kumbe mhuri ule ule ndio ulikuwa mlango pekee ambao Mkurugenzi hakuweza kuupita.

Shauri lilikwenda mbele ya mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye subira. Tulikaa kule kule Lukumbe, kwenye viti vya shule vilivyopangwa juu ya ngazi ya bustani, Bibi Zaina na wanawake wa ukoo mbele. Mkurugenzi aliishika ile karatasi akaionyesha. "Mwenyekiti, angalia tarehe ya mhuri. Imepokelewa wiki iliyopita. Ardhi tunailima zaidi ya miaka miwili. Hii imepikwa." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, mhuri ulisema hivyo. Mwenyekiti akamuuliza Mzee Mkude, na Mzee akajibu kwamba ndiyo, aliigonga wiki iliyopita, hakuipokea kabla kwa sababu hakuwa akiziamini. Alisema hivyo mbele ya watu wa kwao, bila kujipamba. Kisha akasema, "Siku iliyoandikwa, mwulizeni binti. Hilo liko kwenye mashine yake." Nikafungua laptopu juu ya magoti ya mwenyekiti. Hapo palikuwa na siku, saa, jina la Joachim, jina la mkurugenzi wa zamani na jibu lake, vyote kama vilivyokuja, pamoja na pongezi za mtoto. Mwenyekiti alisoma kwa sauti. Aliposoma neno tumeazimwa, Bibi Zaina akasema taratibu, "Ndivyo alivyonisomea," na wanawake wa nyuma yake wakaitikia. Bodi iliamua msimu ukiisha shamba lirudi kwa ukoo, na lilirudi. Sanduku la zamani halikufutwa, lilihamishwa na mafungu yake yote. Mkataba wangu haukuongezwa. Siku ya mwisho Mzee Mkude alinipikia chai mwenyewe kwenye lile jiko lisilokuwepo, akaniambia kwamba Ijumaa hizi hafagii tena, anagonga, na printa imeanza kumlalamikia.

Nimefanya kazi hii katika ofisi nyingi tangu wakati huo, na mahali pote nimekutana na mtu mpole anayetaka nisaini ili tumalize. Mifumo imebadilika, sasa wanaficha mambo kwenye makundi ya simu, ujumbe unaojifuta wenyewe baada ya siku kadhaa, na wanaita hiyo ni teknolojia. Mimi naita kufagia. Nimehamishwa mara mbili kwa ajili ya ukaidi huu na mara moja nimenyimwa cheo, na nikipewa mwaka ule tena nitaufanya vile vile, ila labda nitamaliza chai kabla ya kusimama.

Jikoni kwa marehemu, aliyekuwa akikoroga maharage ni Mwajuma, binti mkubwa wa Bibi Zaina. Bibi mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Mwajuma aliteremka alfajiri na gunia la maharage na mkungu wa ndizi, kwa kuwa Mzee Mkude alikuwa mtu wao, na kwa jambo lile. Tulipakua, nikachukua sinia la sahani nikapeleka turubaini. Mkurugenzi alipokea yake kwa mikono miwili. Alikula kidogo, kisha akaniita nisiondoke.

"Edita," alisema, mara ya kwanza kwa jina. "Ungenyamaza tu siku ile. Yule mzee angesaini. Pangekuwa na jengo pale. Na wewe ungekuwa mbali sasa hivi."

"Nipo mbali, baba," nilisema. "Nimetoka Dodoma."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye sahani. Alikuwa anakula vizuri, kwa njaa ya mtu aliyekaa msibani tangu asubuhi. "Maharage matamu haya," akasema. "Ni ya wapi?"

"Ya Lukumbe. Kwenye ile ngazi yenye chemchemi. Nikuongeze?"

Kijiko kilisimama. Alinitazama, akatazama sahani, akatazama tena wazee wenzake waliokuwa wakila. Kisha akasogeza sahani mbele kidogo, akasema niongeze, si mengi. Nikamwongezea, nikarudi jikoni.